Msoma Maji wa Saa Sita

Mtu akikuambia Milunka Tešić ni mpole, jua hajawahi kumkuta inapokaribia saa sita mchana. Wakati huo hasemi na kiumbe. Anakunywa maji ya uvuguvugu, anafuta miwani, anapitia karatasi yake kwa kidole, na ole wako umgongee mlango. Saa sita kamili anafungua maikrofoni na kusoma kina cha mto Sava, kituo kwa kituo, kutoka kule juu mpaka kwetu: hapa umepanda, hapa umeshuka, hapa umetulia. Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka zaidi ya thelathini. Sisi wa kando ya mto tumeoa, tumezika, tumepigana vita tukachoka tukaacha, na sauti ya Milunka ikisoma maji. Zamani ikifika saa hiyo mama alisema "nyamazeni" na vijiko vikatulia ndani ya supu. Ukikohoa unapigwa jicho.

Redio yenyewe ni ya manispaa, vyumba vinne juu ya posta ya zamani. Milunka aliingia pale akiwa msichana, kazi yake kupiga chapa barua. Siku moja msomaji akapatwa na mafua, na yeye akasukumwa kwenye kiti. "Soma tu," wakamwambia, "usiigize." Na kweli hajaigiza. Hata habari za mafuriko alizisoma kama anasoma bei ya viazi, na watu wakampenda kwa hilo, maana mto una makelele yake ya kutosha. Hakuolewa. Ukimchokoza kuhusu hilo anakujibu, "Mume wangu ni Sava, na kila masika ananirudia amelewa."

Lakini kuna jambo hachokozwi. Ana ndugu mmoja tu, Tihomir, mdogo wake, ambaye alimbeba mgongoni tangu hajajua kutembea. Tihomir alibaki kwenye nyumba ya baba yao, kule ng'ambo ya tuta la kuzuia mafuriko, upande wa mto, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hajengi. Lakini majani yake ni mazuri na ng'ombe wananenepa. Mwaka wa mafuriko makubwa, ule wa elfu mbili na kumi na nne, kamati ya dharura ilimletea Milunka karatasi studio: watu watoke sasa hivi, mifugo iachwe. Akaisoma. Watu wengi walibishana na redio zao kwanza, wakafunga mizigo, wakafungua mabanda. Tihomir hakubishana. Aliyesema ni dada yake, basi akavaa koti akatoka. Maji yalifika kesho yake. Alikuwa na muda tele wa kuwafungua ng'ombe, ila hakuna aliyemwambia hivyo. Aliporudi aliwakuta na kamba shingoni.

Walikutana mlangoni mwa kanisa, wiki kadhaa baadaye. Milunka alinyoosha mkono. Tihomir aliutazama tu.

"Ulinisomea nitoke, nikatoka," alisema. "Wale hawakuwa na wa kuwasomea."

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Sokoni Tihomir akimwona dada yake anavuka barabara. Simu yake haipokei. Lo, ndugu wawili waliotoka tumbo moja! Milunka alizoea, kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu. Faraja yake ilikuwa moja: majirani walimwambia Tihomir kanunua ng'ombe wengine, kajenga banda upya palepale, mkaidi yule, na kila saa sita anamsikiliza dada yake bila kukosa. Milunka alilibeba hilo kimyakimya. Kila mchana alipofungua maikrofoni alikuwa anaongea na ndugu yake, na yeye huko aliko anasikia, hata kama hajibu.

Basi akaja Vukan. Mhariri mpya, kijana wa watu, ametoka kusoma mjini Banja Luka, hana kiburi, salamu yake haikosekani. Tatizo lake lilikuwa kwamba alichosema kilikuwa kweli. Alimwekea Milunka simu mezani, yenye mistari ya rangi inayopanda na kushuka.

"Shangazi Milunka, tazama. Watu siku hizi hawaisubiri redio. Redio inawasubiri wao. Mtu anasikiliza akiwa kitandani, kwenye gari, anapotaka mwenyewe."

"Na mto nao unawasubiri?"

"Usinielewe vibaya. Sauti yako itabaki. Utasoma asubuhi, tutarekodi, tutaiweka kwenye simu. Hewani kompyuta itapiga muziki."

"Saa sita je?"

Vukan akajikuna sikio. "Saa sita hewani hakuna anayesikiliza, shangazi. Haki ya Mungu, hakuna. Labda ng'ombe."

Gvozden, fundi mitambo, mzee mwenzake Milunka wa miaka yote hiyo, alicheka, halafu alipoona uso wa Milunka akajifanya anatafuta waya chini ya meza.  Yule mama alichukua miwani yake akaenda nyumbani mapema, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nisiwe mnafiki: utaratibu mpya tuliupenda. Mimi mwenyewe nilisikiliza maji nikiwa chooni, na hapo Milunka alikuwa hajui, na bora hivyo. Waliokwenda kubeba zege Austria na Ujerumani walisikia mto wa kwao wakiwa kwenye treni, wengine wakilia. Hata Tihomir. Binti yake aliyeko Vienna alimletea simu nzuri na kumfundisha kubonyeza. Gvozden alikutana naye kwenye mashine ya kusaga nafaka, akarudi na maneno.

"Kasemaje?" Milunka aliuliza, akijifanya anapanga karatasi.

"Kasema siku hizi anamsikiliza dada yake asubuhi na kahawa. Akimchosha, anamzima."

Milunka alicheka. Kilichomuuma alikijua mwenyewe. Zamani alijua ndugu yake yuko wapi saa sita mchana. Sasa hakujua anamsikia lini, wala kama ni sauti ya leo au ya juzi.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa Machi. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha juu ya theluji, lakini namba za alfajiri zilikuwa nzuri, na Milunka alizisoma kama zilivyo: mto unashuka, na utaendelea kushuka. Vukan akaiweka kwenye simu, watu wakanywa kahawa zao. Inakaribia saa tano, simu ya studio ikalia. Ofisi ya maji. Milunka alisikiliza amesimama, kalamu mkononi, na Gvozden aliyekuwa mlangoni aliona anavyoandika mara ya kwanza, halafu anakata, halafu anaandika tena kwa nguvu.

Mto Bosna ulikuwa umefurika ghafla. Umeingia Sava kwa kishindo, na wimbi linakuja kwetu. Tuta litahimili, walisema. Lakini vyote vilivyo upande wa mto, malisho na mabanda, kufika saa nane vitakuwa chini ya maji.

"Tihomir," alisema Milunka.

Vukan, tumpe haki yake, hakuchelewa. Alimketisha, akamrekodi upya, akapakia marekebisho yenye maandishi mekundu. "Imeshawekwa, shangazi. Iko kwenye simu."

"Nani ameisikia?"

Alitazama. "Wachache. Wanaongezeka."

"Asubuhi walisikia wangapi?"

"Mia nne hivi."

"Hao mia nne nimeshawaambia maji yanashuka! Wamemaliza, wameweka simu mfukoni, wameenda shamba. Nani anausikiliza mto mara mbili? Wewe ukishanywa chai ya asubuhi unarudi tena mezani kuangalia kama imebadilika?"



Milunka akapiga simu ya ndugu yake. Ikaita mpaka ikakata. Hilo alilitegemea. Gvozden akapiga kwa namba yake. Ikaita, ikaita. Wakapiga tena. Akapigiwa mkuu wa waokoaji: watu wake wote walikuwa upande wa pili wa mji, tuta linavuja huko, wanajaza mifuko ya mchanga, kule malishoni watafika jioni. "Jioni watakuta nini?" Milunka aliuliza, lakini simu ilishakatwa.

"Naenda mwenyewe," alisema Gvozden, akichukua ufunguo wa gari lake bovu. Daraja la mfereji lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, kwa hiyo ilibidi azunguke kijiji kizima kingine, barabara ya udongo, baada ya mvua ile. "Nikifika, nifanye nini?"

"Mwambie awafungue."

"Na nikichelewa?"

Milunka alimjua mdogo wake. Safari hii hatatoka bila ng'ombe, hata maji yamfike kifuani. Angebaki mle bandani akihangaika na kamba. Hilo hakulisema, ila Gvozden alilisoma usoni pake na akashuka ngazi mbiombio kuliko umri wake unavyoruhusu.

Ilikuwa saa sita kasoro kidogo. Milunka alifuta miwani.

"Nipe hewa," alimwambia Vukan.

"Shangazi, nakupa, lakini nani atasi..."

"Nipe hewa, mwanangu."

Muziki wa kodiani uliokuwa hewani ukakatwa katikati. Saa sita kamili, kama enzi zile, Milunka akafungua maikrofoni na kusoma onyo. Alilisoma kwa sauti yake ileile ya bei ya viazi. Akalisoma mara ya pili, mara ya tatu. Zamani angefika neno la tano tu, simu za studio zingelipuka: mita ngapi, njia ipi, vipi bibi yangu? Sasa simu ilikaa pale mezani, nyeusi, kimya. Aliitazama kama unavyomtazama daktari anayechelewa kutoka. Vukan naye upande wa pili wa kioo aliitazama. Haikulia.

Hakuna anayesikiliza. Labda ng'ombe.

Akaganda. Maana ghafla aliliona banda la baba yao. Redio nyekundu kwenye msumari juu kabisa, karibu na dari, imefungwa kwa waya, inakula betri ya trekta iliyowekwa chini sakafuni. Kitufe cha kubadilisha stesheni kilivunjika kabla Tihomir hajazaliwa, na baba hakukitengeneza, alisema ng'ombe hawapendi kubadilishiwa. Haikuzimwa mchana wala usiku. Ikizimika, ng'ombe wanatapatapa na kubana maziwa. Kila mtu kwetu anajua hivyo, ukicheka shauri yako. Na Tihomir ni baba yake mtupu. Kama amejenga banda palepale, basi na msumari uko palepale, na redio ya baba kaikausha akairudisha juu ya msumari. Simu ni yake. Redio ni ya ng'ombe.

Kwa hiyo wananisikia, aliwaza. Saa hii hii. Wanatafuna na wananisikia.

Lakini ng'ombe, ukimsomea kina cha maji, kitamwambia nini? Milunka alivua miwani akaiweka juu ya karatasi.  Hajawahi kuigiza, hajawahi kupandisha sauti kwenye maikrofoni ile tangu ujana wake. Akavuta pumzi, na akaita ng'ombe kama mama yao alivyokuwa akiwaita jioni, amesimama uani na chumvi kwenye aproni.

"Naaaa, naaa! Naa, mama, naa! Oooo, Rumenka! Oooo, Šarulja! Naa chumvi, naaaa!"

Vukan aliruka kitini. Alidhani mama wa watu amerukwa na akili. Aligonga kioo, akapunga mikono, akashika kichwa. Milunka hakumtazama. Rumenka na Šarulja ni majina ya ng'ombe wa zamani, walishakufa, lakini kwetu majina ya ng'ombe hurithiwa kama mashamba, na ule mwito Tihomir aliunyonya pamoja na maziwa, hajui mwingine. Rekodi ya mchana ule ipo, sote tumeisikia, mpaka wa kwetu walioko Australia wameisikia, na wengi walicheka kabla ya kuelewa. Anaita, sauti inapanda, inapasuka, anaita tena. Halafu katikati unamsikia anasema, kwa sauti ambayo si ya bei ya viazi hata kidogo:

"Tihomir, mwana wa mama, maji yanakuja. Wafungue. Sikuambii utoke. Nakuambia wafungue kwanza, halafu utoke nao. Wapandishe kwenye tuta. Wafungue, ndugu yangu, bado muda upo. Naaaa, Rumenka, naaa!"

Aliita hivyo mpaka koo likakauka. Hakujua kama kuna sikio lolote upande wa pili. Angekuwa anapiga kelele kisimani angalau angesikia mwangwi wake. Wakati fulani Vukan aliingia polepole na glasi ya maji, akaiweka mbele yake, akakaa sakafuni na mgongo ukutani, asijue la kufanya na mikono yake. Saa ya ukutani ilikwenda. Milunka alikunywa, akaita tena. Alimwona ndugu yake maji yamemfika kifuani, kisu kati ya meno, anahangaika na fundo. Alimwona na hakuweza kuacha kumwona. 

Simu iliyolia haikuwa ya studio. Ilikuwa ya Vukan, mfukoni. Aliipokea, na kabla hajaiweka sikioni chumba kizima kilijaa mlio wa ng'ombe.

"Gvozden?" Milunka alisema.

"Niko juu ya tuta!" Gvozden alipiga kelele. "Nimemkuta hapa, Milunka! Wote wako juu! Ng'ombe, ndama, mpaka mbwa! Nimefika nimechelewa, sikufanya kitu!"

Milunka alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Alikuwa nyuma anakata mierebi na msumeno wa mashine," Gvozden aliendelea, "simu kaiacha dirishani inakula chaji. Kazima msumeno aweke mafuta, anasikia banda zima linanguruma, ng'ombe wanavunja hori. Kaingia na rungu, anadhani mwizi au mbwamwitu. Kamkuta mama yake anaita kutoka darini!  Subiri, anataka simu. Shika, shika, mzee, ongea."

Vukan akamsogezea Milunka simu. Upepo. Ng'ombe. Kisha mtu anapumua.

"Dada," alisema Tihomir.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu kwenye mlango wa kanisa. Milunka akagonga meza kwa kidole ili ajue kwamba yupo.

"Umewavuruga wote," Tihomir alisema. "Wanatafuta chumvi. Mimi nitatoa wapi chumvi huku juu?"

Vukan alicheka na kujifuta macho kwa kiganja. Milunka naye akacheka, kicheko kibovu cha koo lililokauka. Halafu, yeye ambaye maisha yake yote ndiye aliyewaambia wengine, aliuliza:

"Maji yamefika wapi?"

"Yako mlangoni mwa banda. Yanaingia."  "Redio sikuitoa. Sikuwa na mkono. Inasikika mpaka hapa, nakusikia mara mbili, kwenye simu na kule chini."

Na ni kweli. Maikrofoni ilikuwa bado wazi. Milunka alisogeza simu sikioni, na nyuma ya upepo na ng'ombe akasikia pumzi zake mwenyewe, ndogo, kutoka kwenye banda la baba yao, juu ya maji.

"Usiache," Tihomir alisema. "Soma. Soma kama kawaida."

Basi akavaa miwani. Akachukua karatasi, ikiwa imelowa kwa glasi na machozi, na akasoma Sava kituo kwa kituo, kutoka kule juu kuja kwetu, hapa umepanda, hapa umepanda, hapa umepanda, polepole, akijisikia mwenyewe kwenye simu.  Ng'ombe walitulia, anasema Gvozden, waligeuza vichwa wote kuelekea bandani. Alipofika kwenye kituo chetu, ile sauti ndogo ya kule chini ilikwaruza, ikazama, ikakatika. Kwenye simu ukabaki upepo.

"Imeenda," Tihomir alisema. "Ilikuwa ya baba."

"Najua."

"Nitanunua nyingine." Alivuta kamasi kwa nguvu, kama mtu aliyeshikwa na mafua ghafla. "Kesho utasoma saa ngapi?"

Milunka aliinua macho akamtazama Vukan pale sakafuni. Kijana alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na kuonyesha kidole juu kwenye saa ya ukutani.

"Saa sita," alisema Milunka. "Kama siku zote."